Klachi ya Radiša

La, hakuibiwa. Wewe kaa nikueleze, maana siku ile nilikuwepo, kabichi zake nimezila mwenyewe.

Radiša yuko kiwanda cha nyaya. Basi la wafanyakazi walishalifuta, kwa hiyo gari lake ndilo linabeba watu watano alfajiri. Likifa gari, kazi nayo imekwenda. Sasa klachi ikaanza kuteleza. Akalipeleka kwa Tihomir fundi, msimamizi wake wa harusi, aliyemsimamia na binti yake ubatizo. Kwetu msimamizi habishaniwi bei. Akitaja, unalipa. Na wote wawili huitana Msimamizi, aliyesimamia na aliyesimamiwa.

"Dinari elfu ishirini, Msimamizi," Tihomir akamwambia. "Klachi nitaitafuta. Jumatatu tunaifunga."

Kule kiwandani wakamtia maneno. "Ishirini? Kwa mkweche ule? Anakukamua huku unamchekea." Yakamwingia. Mfuko ukiwa mtupu, kila mtu anafanana na mwizi.

Ijumaa, badala ya kwenda kumsaidia mkewe Ljubinka kukunja nyama ndani ya majani ya kabichi, maana kesho yake ni sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yao, akavuka mlima kwenda kwa fundi mwingine, Mladen. Kofia kaishusha hadi machoni kama anaenda kwa hawara.

Mladen akaingia chini ya gari, akatoka anajifuta mikono. "Arobaini na mbili."

"Elfu?"

"Kaka, klachi peke yake dukani ni ishirini na sita. Mwaka jana ilikuwa kumi na nane. Kwani kuna aliyekutajia chini ya hapo?"

"Tihomir. Ishirini, pamoja na kazi."

Mladen akamtazama. "Huyo usimwache. Anatoa mfukoni mwake."

Radiša akarudi masikio yanawaka moto.

Sasa sikukuu yetu hatualiki mtu. Anayekupenda anakuja mwenyewe, na msimamizi asipotokea, mtaa mzima unajua pana jambo. Saa saba, saa nane, Tihomir hayupo. Mshumaa wa mtakatifu unakwisha, kabichi zinapoa.

"Umemfanya nini msimamizi?" Ljubinka akauliza.

"Sijamfanya kitu."

Saa tisa huyo mlangoni, kavaa suti, boksi la klachi kwapani. "Nilikuwa naisaka hii," akasema. Halafu kwa sauti ya chini, ila mimi nilikuwa karibu: "Mladen kanipigia. Mafundi tunapigiana simu kuliko wakwe. Kakutajia ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Hajakudanganya. Ndiyo bei ya siku hizi. Ningekutajia mimi hiyo, ungeenda kazini kwa miguu."

Mwenye sikukuu kwetu haketi, anawahudumia wageni amesimama. Radiša aliishukuru desturi hiyo. Alijaza glasi zilizojaa, akapanguza meza safi, alimradi asimtazame mtu.

Tihomir akaweka uma chini. "Msimamizi, keti. Mimi sitii kitu kinywani mpaka uketi."

"Desturi hairuhusu."

"Na kwenda kwa Mladen iliruhusu?"

Mtu akakohoa. Wale wa kiwandani, nao walikuwa mezani, wakainamia sahani zao. Ljubinka akasogeza kigoda. Radiša akaketi, uso umeiva kama pilipili ya kuchoma, Tihomir akampakulia kabichi ya kwanza, ndipo sote tukala.