Kazi Safi kwa

...na mkono ukicheza hata unene wa uzi neno zima litakaa upogo, na karatasi ya dhahabu imekwisha, hiki alichoshika ndicho kipande cha mwisho, kwa hiyo asitetemeke, asipumue, ingawa kupumua ameshapumua, kakipulizia kioo kwa mdomo wazi kama baba alivyokuwa akifanya, kioo kisafi hakiangaliwi, Profesa, ndivyo baba alivyomwita, kinapumuliwa, alama ya kidole haijifichi mbele ya pumzi ya mtu, na sasa anangoja ukungu ufifie ndipo abandike, amesimama ndani ya duka mbele ya dirisha kubwa linalotazama barabara, mikono juu kama mtu aliyeambiwa ajisalimishe, neno MASHINE likining'inia katikati ya mikono yake, herufi saba za stika zilizolazwa juu ya karatasi ya kuhamishia, zimegeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia kwa sababu zinabandikwa kwa ndani zisomwe kutoka nje, jambo ambalo baba alilifanya kwa brashi, kinyumenyume, bila kompyuta, huku akiimba. "Umeshabandika?" mama yake anauliza kutoka chumba cha nyuma, birika linaanza kuguna huko, na yeye anajibu, "Bado, mama," na mama anasema, "Neno moja tangu asubuhi? Marehemu angekuwa ameshamaliza ukuta mzima wa shule na chai ameshakunywa," na ni kweli, lakini marehemu hakuwa na kipande kimoja tu, rangi ikikosewa hufutwa, stika ikikosewa hutupwa, na yeye ameshatupa mbili, ya kwanza alisahau kuiambia kompyuta igeuze, ikatoka safi kabisa, neno zuri la kusomwa na mtu aliyefungiwa ndani, ya pili alipokuwa anang'oa mabaki kwa kibano akang'oa na mguu wa N, na ya tatu ndiyo hii, aliikata jana akihesabu kila herufi kwa sauti kama mtoto wa chekechea, kisu cha mashine ya kukatia stika kikipita juu ya dhahabu na kuiacha karatasi ya chini bila mkwaruzo, maana ufundi wote uko hapo, kukata ngozi ya juu usiguse ya chini, na baba alipoona kwa mara ya kwanza alicheka, akasema hiki kisu kina adabu kuliko watu wengi ninaowajua... ukungu haujafifia. Kwa kawaida unaondoka ukihesabu mpaka kumi. Kahesabu mpaka kumi na nne. Juu, mstari wa kwanza wa baba umekaa sawasawa, MABANGO NA VIBAO, katikati ya kioo mpaka unywele, aliupima mwenyewe kwa futi ya kamba, na chini yake mstari wa pili, ule uliokatika, KAZI SAFI KWA, halafu hakuna kitu, miezi minane hakuna kitu, kioo kitupu, na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara kila akifungua duka lake anasoma kwa sauti kama mwalimu, "Kazi safi kwa... kwa nani, binti? Kwa wenye subira?" na siku moja akasema, "Kwa marehemu?" akajiuma ulimi, jioni akaleta kilo ya sukari wala hakusema ni ya nini, na mwenye duka la dawa aliyekuja kutaka kibao alisimama nje akasoma mara mbili, akasema duka la kuandika ambalo lenyewe halijamaliza kuandikwa, mganga hajigangi lakini hii imezidi, akaenda zake, ndiyo maana leo leo neno libandikwe, liishe, KAZI SAFI KWA MASHINE, na nafasi itakayobaki ataweka namba ya simu, hakuna atakayeuliza tena, hata mama ataacha kutazama pembeni kila akipita dirishani. Nafasi itakayobaki. Hapo ndipo penyewe. Kwa zaidi ya miaka ishirini mstari ule ulisomeka KAZI SAFI KWA MKONO, umekaa katikati kama mstari wa juu, haukuwa umebanduka wala kufifia, na asubuhi ile ya kufa kwake baba aliukwangua wote kwa wembe bila kumwambia mtu, akaanza upya, akaanzia pembeni kabisa, sentimita nane tu kutoka kwenye fremu, baba ambaye hakuwahi kuanza mstari bila kujua utaishia wapi, na daktari alipoeleza kuhusu mshipa wa kichwa kwamba huenda ulikuwa unavuja tangu siku mbili nyuma, wote walitikisa kichwa, jicho ndilo lililotangulia, wakasema, tazama alivyoanzia pembeni, maskini, alikuwa haoni tena katikati ni wapi, na yeye alitikisa kichwa kuliko wote, kwa sababu... aseme tu, yuko peke yake, kwa sababu mstari ule ulimwokoa. Alikuwa chumba cha nyuma siku ile, mashine ina wiki mbili, anajifunza, anakata maua ya kujaribia, na baba akaita kutoka hapa hapa aliposimama yeye sasa, "Njoo mara moja," na yeye akajibu, "Nakuja, baba, mashine inakata," na baba akaita tena, taratibu, "Njoo, Profesa," na yeye hakujibu, maana karatasi ilikuwa inavutika kushoto na ukiiacha inapinda, na ile kazi ya kukata ilichukua dakika nne na sekunde kumi na moja, kompyuta imeandika, amelihifadhi faili lile na hajui kwa nini, na alipotoka baba alikuwa amelala chini ya dirisha, brashi bado mkononi, na fimbo yake ya kuegemezea mkono, ile yenye kitambaa kwenye ncha, imesimama imeegemea kioo kana kwamba mtu kaiweka vizuri. Dakika nne. Lakini kama jicho lilikuwa limekwisha kufa tangu asubuhi, kama mstari ulioanzia pembeni ni mstari wa mtu aliyekwisha ondoka, basi dakika nne si kitu, hata nusu saa si kitu, daktari mwenyewe alisema, yaani hakusema hivyo hasa, alisema huenda, na yeye amelalia hiyo huenda miezi minane kama mto wa kichwani... ishirini na mbili, ishirini na tatu, na ukungu badala ya kufifia umepanuka, umetoka pale alipopulizia umekwenda kushoto, huko mstari unakoelekea ukitazamwa kwa ndani, ni birika, bila shaka ni birika, mvuke wa birika umepita mlangoni, asubuhi ya baridi, kioo baridi, fizikia ya kidato cha pili, na ndani ya ukungu, baada ya neno KWA, kuna M. Si ya rangi. Ni kioo chenyewe kimekataa ukungu kwa umbo la M, na anafikiri ni kivuli cha neno aliloshika, kwa kuwa M ni M hata ukiigeuza, nje na ndani ni ileile, anasogeza karatasi kidogo kulia, M haisogei. Inafuata K. Imegeuzwa, inatazama nyuma, na kwenye neno lake hakuna K. Halafu O, polepole, kana kwamba inazungushwa na mtu asiye na haraka, na anakumbuka, anataka kukumbuka upesi, sabuni, baba alikuwa anachora herufi kwanza kwa kipande kikavu cha sabuni kabla ya rangi, na sabuni huacha alama isiyoonekana, ndiyo, ni hilo tu, ni sabuni, lakini mama alikiosha kioo hiki siku ya msiba, na yeye mwenyewe amekipangusa kwa spiriti jana na leo, mara mbili, kwa kitambaa kipya. N, kinyumenyume. O. MKONO. Sawa. Sawa basi, baba, ulitaka kurudisha lilelile, mkono, nimeelewa, ulikuwa unarudia neno la zamani mahali pasipo pake kwa sababu jicho... lakini baada ya O ya mwisho kuna pengo, na yeye hahitaji futi, macho yake yanapima yenyewe siku hizi, ni sentimita tano, lile lile pengo aliloacha baba kati ya neno na neno, mtu haachi pengo kamili baada ya neno la mwisho. Tok. Tok. Tok. Hivyo ndivyo baba alivyokuwa akigonga kioo kwa ncha ya fimbo, mara tatu kabla ya kila neno, kuamsha kioo, alikuwa akisema, kioo kikilala hakishiki rangi. "Nani anagonga?" mama anauliza, sauti yake imeshuka, na yeye anasema, "Mvua, mama, bomba la paa," na barabara huko nje ni kavu, fundi cherehani ameanika vitambaa. N nyingine. A. MKONO NA. Na baada yake pengo, tano tena, na baada ya pengo ukungu umetanda mweupe, haujaguswa, mpaka karibu na fremu ya upande wa pili, na hesabu inakuja bila kuitwa, nane za pembeni, sitini na mbili za KAZI SAFI KWA, tano, ishirini na nane, tano, kumi na moja, tano, na nane za kuacha upande ule kama alivyoacha upande huu, kioo kina mia moja na sabini, zinabaki thelathini na nane. Karatasi iliyo mikononi mwake ina thelathini na nane. Hakupewa kipimo hicho na mtu. Alilinganisha urefu wa herufi na za baba, basi, mengine yalijileta. Kwa hiyo jicho halikufa. Jicho lilikuwa zima siku ile, zima kuliko siku zote, lilipima MASHINE, neno ambalo alikuwa hajawahi kuliandika, likalitafutia nafasi, likakwangua miaka ishirini kwa wembe ili lienee, na aliita njoo mara moja, na si kwa sababu alikuwa anaanguka, alikuwa amesimama hapa, mzima, brashi mkononi, anamngoja mwanawe atoke na mashine yake aje... na mto wa kichwani umevutwa, kichwa kimegonga ubao, dakika nne na sekunde kumi na moja zimerudi zote, hakuna tena huenda, na ajabu ni kwamba mikono haitetemeki, mikono imetulia kama ya mtu mwingine, na upande wa pili wa kioo, upande wa barabara, mahali ambapo hakuna mtu, kimetokea kiduara cha ukungu, kwa urefu wa mdomo wa mtu mrefu kuliko yeye, kinakua, kinasinyaa, kinakua, kama mtu anayehakikisha kioo ni kisafi. Nyuma yake birika limenyamaza. Mama ameliondoa jikoni, kitambo sasa, vikombe vinagongana. "Umeshabandika?" na yeye mikono bado iko juu, neno bado linaning'inia, kila kitu kiko palepale kilipokuwa, isipokuwa amepiga hatua moja kushoto, mpaka mwisho wa mstari, mbele ya zile thelathini na nane, na anasema polepole, asije akamshtua mtu, "Bado, mama. Subiri kidogo. Bado anaandika."