Lango la Kambi Siku ya Mbio

Cyril Ogden alikuwa amemtunza farasi Damson tangu usiku aliompokea kwa mikono yake akizaliwa. Miaka tisa. Kisha mwaka jana akamwambia Garside, mwenye zizi, mbele ya wageni, kwamba mguu wa mbele wa farasi huyo umechoka, asikimbizwe tena. Garside akamfukuza siku hiyo hiyo.

Sasa Cyril alikuwa amelala kambini, nyuma ya uwanja wa mbio wa Harrowthwaite, ndani ya kigari chake kikuukuu, ili amwone Damson akizungushwa kabla ya mbio. Asubuhi mkono ulimvimba, utepe wa njano ambao wapiga kambi hufungwa mkononi kama tiketi ukambana, akaukata kwa kisu cha mkate.

Langoni, Beryl, msimamizi wa kambi, aliuning'iniza utepe kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Huu umekatwa."

"Ni wangu, mama. Si ulinifunga mwenyewe jana?"

"Ukikatwa si utepe tena. Husomi? Bila utepe hupiti mpaka nusu saa baada ya mbio za mwisho. Rudi ukanywe chai, babu."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Ng'ambo ya uzio alipita Garside na kofia yake. Cyril akampungia mkono.

"Bosi! Mwambie huyu mama mimi ni nani!"

Garside akasimama, akamtazama vizuri kuanzia viatu hadi mvi.

"Wanaodai kunijua ni wengi," akamwambia Beryl. "Wewe fuata sheria zako."

Basi Cyril akatazamia kwenye uzio wa kambi, katikati ya watu waliokuwa wakikaanga nyama. Damson aliruka viunzi viwili vizuri. Cha tatu kilikuwa mbele yao kabisa. Alitua vibaya, akabiringika, akainuka kwa miguu mitatu.

Mapazia ya kijani ya kumficha farasi aliyeumia yakaletwa mbio. Nyuma ya mapazia Damson alikuwa akilia. Cyril akakimbilia langoni, goti likimuuma.

"Nifungulie, nakuomba. Nimshike kichwa tu. Ananijua, atatulia."

Beryl akatazama saa yake. "Mpaka saa kumi na moja na nusu."

"Mama, wanamuua!"

"Na wewe unanipigia kelele."

Ukasikika mlio mmoja wa bunduki, mkavu. Mtu mmoja akasema, "Masikini," akageuza nyama yake.

Saa kumi na moja na nusu, bila kuzidi hata dakika, Beryl akafungua lango. "Haya babu, ruksa."

Cyril alivuka nyasi taratibu. Penye kiunzi cha tatu, kibarua alikuwa ameshajaza udongo palipochimbika Damson alipoanguka na kupanda nyasi mpya.

"Usikanyage hapo, mzee," akasema. "Kesho kuna mbio."

Cyril akapazunguka.