Kamba ya Severini

Hata kwenda kukata mkungu wa ndizi nyuma ya nyumba, Severini alijifunga kamba kiunoni. Ncha moja aliizungusha kwenye shina la mfenesi, akaivuta mara mbili kuijaribu, ndipo akashuka taratibu, kisigino baada ya kisigino, panga likiwa limechomekwa nyuma ya mkanda wake wa jeshi. Majirani, waliojifunza kutembea kwenye mteremko ule kabla hawajajua kusema, walisimama mashambani mwao kumtazama.

"Shemeji," aliita Gabrieli, kaka wa mkewe, kutoka ng'ambo ya korongo, "kwetu huku wanaofungwa kamba ni mbuzi."

"Mbuzi ana akili," Severini alijibu bila kuinua uso. "Umewahi kumwona mbuzi akianguka?"

Paskalia, mkewe, aliyasikia hayo jikoni, mtoto akinyonya, akacheka peke yake. Majibu ya namna hiyo ndiyo yaliyomfanya ampende mtu huyu, aliyekuja kuoa ukweni na kubaki, kama ilivyo desturi ya wanaume wengi wa milima ya Uluguru. Alikuja na vitu vitatu tu alivyotoka navyo vitani Burma: koti zito, mkanda na ile kamba.

Vitani hakupiga risasi hata moja. Huko msituni barabara ziligeuka matope, malori yakazama hadi milangoni, na askari walioko mbele wakawa hawana wa kuwalisha isipokuwa mbingu. Kazi ya Severini ilikuwa kusimama penye mlango wa ndege ya Dakota, mlango uliong'olewa ukabaki uwazi mtupu, na kusukuma mizigo nje. Kengele ikilia, sukuma. Ikinyamaza, acha. Ndege inazunguka bonde, inarudi, kengele inalia tena. Wakimaliza walitua kwenye kiwanja kilichofyekwa msituni, wakapakia majeruhi. Kwenda mchele, kurudi watu. Ndivyo alivyozoea kusimulia, na hakuzidisha.

Risasi na dawa zilishushwa kwa miavuli. Mchele haukuwa na mwavuli, ulitupwa hivi hivi. Kwa hiyo gunia halikujazwa. Lilitiwa nusu, likashonwa, kisha likatumbukizwa ndani ya gunia jingine kubwa zaidi, ili likifika chini, la ndani likipasuka, la nje lipokee. Hadi leo Severini alifunga maharage yake vivyo hivyo, na watu wakamcheka na kumwita Bwana Dakota. Lakini wachukuzi walipoteleza njiani kwenda mjini, maharage yaliyofika salama sokoni Morogoro yalikuwa ya Bwana Dakota.

Mtu wa namna hiyo, anayejua kufunga kila kitu, alikuwa hajamshika mwanawe hata siku moja.

Agnes alikuwa na miezi tisa. Baba yake alimchongea kigoda kabla hajajua kukaa. Alimchemshia maji ya kuoga, akayajaribu kwa kiwiko. Jioni alimwimbia nyimbo za kambini, huku akipiga makofi, akiwa amesimama hatua mbili mbali naye. Lakini mtoto akinyoosha mikono, Severini alikumbuka kuni zisizopasuliwa. Wanawake kisimani walikuwa na maelezo yao: mtoto ni wa ukoo wa mama, baba atokwe jasho la nini? Paskalia aliwapuuza mwezi wa kwanza, na wa pili. Siku hizi maneno yale yalikuwa yakimfuata hadi kitandani.

Hayo angeyavumilia, kama mguu wake usingeumia juma lile. Kwa mwaka mzima na nusu alikuwa akishuka misheni mara tatu kwa juma, jua likianza kulegea, kusoma darasa la watu wazima. Alianza na mimba, akaendelea na mtoto mgongoni. Sasa alisoma hata karatasi zilizofungiwa sabuni. Jumamosi ile angekuja mkaguzi kutoka mjini, anayefika mara moja kwa mwaka, na atakayesoma mbele yake bila kukwama angepewa cheti. Mwenye cheti, Sista aliyewafundisha alikwisha kusema, angewafundisha wanawake wa kijiji cha juu, ambao hawakuweza kushuka. Paskalia alikuwa ameshachagua mahali pa kutundika ubao.

Siku ya Alhamisi aliteleza kisimani. Mtungi ulipona, kifundo cha mguu kilivimba kikawa kama kiazi. Mama yake alikuwa amekwenda Mkuyuni matangani, akisindikizwa na Gabrieli, na nusu ya kijiji nyuma yao.

Ijumaa alasiri Paskalia na mumewe walikaa uani wakipukuchua maharage, Agnes amelala kwenye mkeka katikati yao.

"Baba Agnes," alisema Paskalia, "kwa fimbo nitashuka. Mtoto mgongoni sitaweza."

"Nitakubeba wewe."

"Mimi nina kilo ngapi, na yeye ana ngapi? Sitaki unibebe mimi. Nataka umbebe yeye."

"Nitafunga machela. Nitamwomba Yohana wa kule juu tushike, yeye mbele mimi nyuma, mlale humo wote wawili."

"Nikalale kwenye machela kama maiti, mkaguzi aniombee?"

Severini alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likazimika. Alipukuchua ganda moja, na jingine, na jingine.

"Wewe ukianguka utajishika," alisema. "Yeye atashika nini?"

"Atakushika wewe."

Severini alivuta rundo jingine la maharage, hata Paskalia akadhani mazungumzo yameishia hapo, na kwamba cheti nacho kimeishia hapo. Lile neno la kisimani lilimpanda kooni. Alikuwa amefungua kinywa alitoe, Severini alipoanza kusema, macho yakiwa kwenye maharage.

"Tulikuwa wawili mlangoni. Mimi na Yakobo, mtu wa Kilosa. Kila mmoja na kamba yake kiunoni, imefungwa kwenye chuma cha ndege. Siku hiyo mvua inaingia ndani kama tuko nje. Gunia likanasa. Kamba ya Yakobo ikawa fupi, haimfikishi. Akaifungua. Akaniambia, nusu dakika tu. Ndege ikalala ubavu."

Aliinua mikono yake miwili, akaitazama kama anayetazama vyombo vya mtu mwingine.

"Nilimshika, Mama Agnes. Watu hudhani sikuwahi. Niliwahi. Nilimshika mkono kwa mikono hii yote miwili, ameshatoka nje nusu, ananiangalia. Mikono ilikuwa na maji." Aliirudisha kwenye maharage. "Mikono iliyoshika mtu ikamwachia, unaipaje mtoto?"

Paskalia hakusema kwamba halikuwa kosa lake. Aliona kuwa neno hilo alikwisha kuambiwa na wengi, na wenye vyeo, na halikumfaa kitu. Alimtazama mwanawe aliyelala, ngumi imefumbwa juu ya mkeka, akajisikia aibu kwa lile alilotaka kusema, na chini ya aibu hiyo, kitu chepesi kilichofanana na furaha. Kumbe zile hatua mbili zilikuwa mapenzi.

"Basi usimshike kwa mikono," alisema.

"Nimshike kwa nini?"

Alivuta khanga kuukuu iliyokuwa begani mwake, akaiweka magotini pa mumewe. Ilikuwa ile ya kumbebea mtoto.

"Mbeleko haina haja ya mikono."

Severini aliitazama. Mwanamume aliyefunga mbeleko hakuonekana katika milima ile. Angeimbwa nyimbo za kejeli, hadi mjukuu wake aimbwe. Aliishika ncha ya khanga, akaivuta mara mbili, kama anavyojaribu kamba.

"Fundo utafunga wewe," alisema.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umekaa bondeni. Aliinama, mgongo bapa kama meza, na Paskalia akamlaza Agnes juu yake, akapitisha khanga kwapani, akafunga kifuani. Alikaza, akakaza tena.

"Usikaze sana," Severini alinong'ona. "Mwachie nafasi. Kitu kikibanwa ndipo hupasuka."

Kisha akaomba na kamba, juu ya mbeleko. Paskalia alizungusha bila kubisha. Mtoto alionekana kama kifurushi cha posta cha kwenda mbali; alicheka, akampiga baba yake kisogoni.

Walishuka. Yeye mbele, mkewe nyuma na fimbo yake. Kwenye gogo la kuvukia mto, Severini alisimama. Paskalia aliona shati lake limelowa jasho, na baridi yote ile. Alitaka kumwambia warudi. Midomo ya Severini ilikuwa ikicheza, na Paskalia akajua anangoja ile kengele ya ndege. Kwa hiyo akagonga fimbo yake juu ya jiwe, mara moja, kwa nguvu.

Severini akavuka.

Misheni wanawake walimwona. Mmoja alisema, "Tumsifu Yesu Kristu, Mama Severini," na wengine wakaangua kicheko wakishikana mabega. "Milele amina, dada zangu," alijibu, akaenda kusimama chini ya upenu wa darasa. Kukaa hakuthubutu.

Ndani, mkaguzi alimpa Paskalia ukurasa unaohusu kuchimba matuta ya kuzuia udongo. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu Agnes alilia nje, kilio cha njaa anachokijua mama hata akiwa usingizini. Maziwa yalimtoka, yakalowesha blauzi. Maneno yakageuka sisimizi. Mkaguzi aliinua miwani. Kilio kikapanda, kikakatika ghafla, na mahali pake pakaingia wimbo wa kambini, kwa sauti mbaya, bila makofi.

Paskalia alisikiliza ile nafasi ambapo makofi yangekuwapo. Kisha akaweka kidole chini ya neno alilokwama, akasoma hadi mwisho.

"Majibu yatakuja kwa Sista," alisema mkaguzi, akiandika kitu. "Nyumbani unaye wa kukusaidia?"

"Yupo, bwana."

Alipotoka, aliikuta kamba imeviringishwa vizuri juu ya ukingo wa ukuta, na khanga juu yake. Severini alikuwa amesimama palepale. Agnes alikuwa mbele, kifuani, mkono mmoja wa baba chini yake, mwingine shingoni, vidole vimetanuliwa kama vinashikilia kitu kipana kuliko mtoto. Mtoto alikuwa akinyonya kifungo cha shati.

"Alilia," Severini alisema, kama anayejitetea.

"Nilisikia."

Paskalia alikaa barazani kunyonyesha, naye Severini akabaki amesimama karibu yao, mikono imening'inia. Baadaye, walipojiandaa kupanda, Severini aliinama tena kufungwa mbeleko. Paskalia alichukua kamba aizungushe juu, lakini Severini aliitwaa mkononi mwake, akafunga ncha moja kiunoni kwake, na nyingine, bila kuuliza, akaifunga kiunoni kwa mkewe.

"Wewe ndiye mwenye mguu mbaya," alisema.

"Nikianguka je?"

"Tutajua."

Nusu ya njia walimkuta Gabrieli amepumzika, akirudi peke yake kutoka Mkuyuni. Aliwatazama toka juu hadi chini: shemeji na mbeleko, dada na fimbo, na kamba inayolegea na kukaza kati yao.

"Naona mbuzi wameongezeka," alisema, akatoka njiani kuwapisha.

Walipita. Njia ilikuwa imesimama wima sasa, na pumzi ilikuwa ya kupandia tu. Paskalia alifuata nyuma, macho yake usawa wa mtoto aliyelala. Fundo alilifunga mwenyewe. Alijua haliwezi kufunguka. Lakini hatua chache kabla ya gogo, aliuona mkono wa Severini ukitoka kwenye fimbo aliyookota njiani, ukazunguka nyuma polepole, ukakaa chini ya mwanawe, mahali ambapo haukuhitajika.