Jungu la Uskoti

…na hao kondoo nao, watalala wapi, chini ya dirisha au vipi, Bi Thuwaiba anajiuliza, na mbele yake binti yake Raya kakaa hapo jikoni, kompyuta mezani, kidole juu ya kitufe, anangoja neno moja tu, ndiyo au la, maana nyumba ya Uskoti wamewekewa mpaka saa sita mchana na sasa ni saa sita kasoro dakika tano, wiki nzima shamba, mbali na Tottenham na mabasi yake, hakuna jirani ila milima… hakuna jirani, na mtoto kalisema hilo kama sifa, Mungu wangu, nyumba isiyo jirani ni nyumba gani, ukiita nani ataitika, kondoo? Miaka arobaini na mitano Bi Thuwaiba hajalala pasipo na taa za barabarani, mara miguu inamuuma, mara presha imepanda, mara daktari kamkataza, visingizio vimemwisha sasa, na huyu Raya kaomba likizo kazini tangu mwezi wa pili, kachagua tarehe mwenyewe, wiki ya mwisho ya Shaaban, ati ili amfurahishe mama yake, na kumbe kaandika barua.

Barua yenyewe Raya anamsomea, kwa Kiingereza chake cha haraka haraka, kwamba kamweleza mwenye nyumba kuwa mama yake ni mtu wa Zanzibar, kwamba Ramadhani inakaribia, kwa hiyo watakuja na jungu lao wenyewe walivunje, je, inaruhusiwa, na mwenye nyumba, bibi wa watu, kajibu kwa adabu zote kwamba wanakaribishwa, walivunje popote wapendapo, ila waokote vigae vyote, visije vikakata kwato za kondoo… Bi Thuwaiba anataka kucheka, hakuna jungu linalovunjwa, mwanangu, ni jina tu, watu hutoka mjini wakenda shamba, wakapika, wakala, wakacheka kabla ya kufunga, basi, jungu linarudi nyumbani zima na masizi yake. Lakini nani amwambie, na nani kampotosha kama si yeye mwenyewe, siku ile Raya ana miaka sita, anauliza mbona Mama umepika pilau yote hii na huli, na yeye akamjibu tunavunja jungu, akafunga mdomo, na mtoto wa watu akainama kutafuta vigae chini ya meza.

Alifunga mdomo kwa sababu neno linalofuata hapo ni baba, na Januari ya sitini na nne, na yeye mwenyewe ana miaka minane, analia, baba kasema mwaka huu tutavunjia nyumbani, nina kazi nyingi, na yeye kagoma kula siku mbili, shamba, shamba, shamba, mpaka shangazi akacheka, mtoto akililia wembe mpe, na kweli akapewa, wakenda Jumamosi, wakala, wakalala huko huko, na asubuhi redio ikasema maneno ya mapinduzi ambayo mama aliyasikia akakaa chini, baba akaizima, akavaa kofia yake, akasema anakwenda barabarani kutafuta gari ya kuwarudisha mjini, narudi sasa hivi… hakurudi, wala kaburi hawakuonyeshwa, wembe wakampa yeye, ukamkata baba. Na mama yake hakumlaumu hata siku moja, ila mara moja tu alimwambia jirani, lau tungelikuwa mjini, halafu akamwona mtoto mlangoni, akayameza yaliyobaki, na mtoto akayachukua yale yaliyomezwa, kenda nayo mpaka London, kazeeka nayo.

“Mama, ndiyo au la? Mie silazimishi,” anasema Raya, kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote hujibu kwa Kiingereza, na Bi Thuwaiba anamtazama, macho makubwa yale, aseme la basi, la analijua, kamkatalia mtoto huyu kila msimu wa joto tangu anakwenda skuli, kamkatalia akilia na akinuna, wala machozi ya mtoto hayajapata kumshinda, mzazi asiyetaka hatoki, hata nyumba ilie… hata nyumba ilie. Lakini leo anataka. Anaogopa, na anataka kwenda na mwanawe shamba, kumwona anapika ovyo, anacheka, na hakuna anayemshurutisha. Basi na baba hivyo hivyo. Baba alikuwa mtu mzima, mkali kidogo, la alikuwa akilijua, akasema haya twendeni kwa sababu alipenda kukaa siku mbili na watoto wake, na Jumamosi ile, sasa anakumbuka, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda gari ya kukodi, akimwambia dereva apige honi, anawaita wachelewaji. Hakushindwa na mtoto. Alitaka kwenda.

Saa haijafika sita, kidole cha Raya hakijasogea, na Bi Thuwaiba, mtu wa miaka hamsini na mitatu, kwa mara ya kwanza anamlilia baba yake bila ya kumwomba radhi.