Duka la Pili la Fundi Cherehani

Hakuna aliyekuja tena kucheza karata kwa Karani, na aliyewafukuza ni yeye mwenyewe, bila kufungua mdomo.

Zamani, Jumamosi jioni, sebule yake ilikuwa haina pa kuweka mguu. Walikuwa wanne: yeye, fundi cherehani, fundi baiskeli na muuza mbao. Kiti kimoja kilikuwa na mguu mfupi, umewekewa kipande cha boksi, na aliyechelewa ndiye aliyekalia hicho. Karata zilikuwa kisingizio tu. Kazi hasa ilikuwa kupiga chuku, na bingwa wao alikuwa fundi cherehani. Kila Jumamosi alikuwa mbioni kufungua duka la pili. Mara lina vioo mpaka chini, mara lina wasichana wawili wa kupokea wateja. Mke wa Karani, akipita na birika la chai, humwuliza, "Shemeji, hilo duka limefika ghorofa ya ngapi leo?" Nyumba nzima inaangua kicheko, mwenyewe akiongoza.

Kisha ghala alimokuwa akiandika hesabu likafungwa. Karani akakaa nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havijaharibika, mpaka mkewe akachoka.

"Baba watoto, acha kuifungua hiyo redio. Watu mtaani humu wana biashara na hawajui kama wanapata au wanaliwa. Wafanyie hesabu hapahapa."

Karani akahamishia kabati la vyombo chumbani, na meza ya karata ikawa ofisi.

Wateja wa kwanza wangekuwa nani kama si haohao watatu? Muuza mbao alileta risiti ndani ya soksi. Za fundi baiskeli zilinuka grisi. Fundi cherehani alileta mfuko wa plastiki, akauweka mezani, akatazama pembeni kama mtu anayevua shati mbele ya daktari.

Jumamosi wakacheza kama kawaida.

"Nimepata tenda ya sare za shule," fundi cherehani akaanza. "Hela imenijia mpaka naiogopa. Mwezi ujao lile duka la pili..."

Wote wakageuka kumtazama Karani.

Karani alijua kodi ya duka la kwanza haijalipwa tangu mvua zianze. Alizipanga tu karata mkononi, nazo zilikuwa zimeshapangika.

"Mtazameni!" fundi baiskeli akapasuka. "Uso wake umeshafunga mahesabu!"

Fundi cherehani naye alicheka, ila mchezo ule aliumaliza kimya, na chai yake akaiacha nusu. Jumamosi iliyofuata kichwa kilimuuma. Baada ya hapo muuza mbao akawa na wageni. Mwisho fundi baiskeli alikuja peke yake, akaishia mlangoni.

"Usinielewe vibaya, bwana. Kwako siku hizi mtu hawezi kudanganya. Sasa karata tupu zina utamu gani?"

Wakahamia kwa kinyozi.

Karani akaubeba ule mfuko mpaka kwa fundi cherehani. "Tafuta mwingine akufanyie. Mimi nakutaka Jumamosi."

Fundi akasimamisha cherehani. "Una wazimu? Tangu uyashike haya makaratasi nimemaliza deni la kodi. Nalala usingizi. Rudi nayo, ndugu yangu." Akausukuma mfuko. "Ila Jumamosi niache nipumue."

Siku moja Karani alipita kwa kinyozi, akasikia sauti aijuayo: duka la pili sasa lina lifti. Akaingia. Wakanyamaza. Wakamsalimu vizuri, kinyozi akampisha kiti, tena kile imara, miguu yote sawasawa. Akakaa kidogo, akaaga.

Kazi ile ilisomesha watoto wake na kuezeka jiko upya. Nayo ilimgharimu hivi: Jumamosi zake zote, rafiki watatu waliokuwa wakimdanganya mchana kweupe, birika kubwa lililokaa juu ya kabati mpaka likashika kutu, na duka lenye vioo mpaka chini, ambalo hakusikia tena limefikia wapi.