Sketi ya Ngozi ya Mama

Kosa langu ni kiburi cha sindano. Mwanasesere mwenyewe urefu wake shubiri moja, nami nikataka sketi yake iwe na nyuzi zote za ngozi, kama za akina mama wa Kibarabaig kwetu Hanang. Vipande niliviokota huku kwa Wachina, kwenye soko la ngozi la Shiling nilikokwenda kununua mikoba ya biashara. Wiki mbili nzima nilichana nyuzi, kana kwamba viza yangu haijaisha na polisi hawapekui Sanyuanli, mtaa wetu wageni, jengo kwa jengo mwaka ule wa 2009.

Filamu zangu ni za wanasesere: unamsogeza kidogo, unapiga picha, unamsogeza tena. Hii ilikuwa ya mama. Nikiwa na miaka kumi na tisa niliiba sketi yake ya ngozi, nikamuuzia mnunuzi wa vinyago Arusha, nikapata nauli ya kuondokea. Mama hakuniuliza hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Kumwomba radhi kwenye simu nimeshindwa. Kwenye filamu, binti anarudi na sketi, anaingia ndani, anamkabidhi mama yake.

Teddy, mwenzangu wa biashara, alikuwa anarudi nyumbani Katesh, karibu na kwa mama, naye ndiye angempelekea filamu kwenye CD. Siku ya safari yake, binti wa filamu alikuwa ndiyo kwanza amefika kizingitini niliposikia mlango wa jirani unagongwa.

"Huzhao! Huzhao!" Pasipoti hiyo, kwa Kichina.

Nikazima taa, nikajitupa chini ya kitanda. Jirani walimchukua. Sikutoka mpaka jioni, Teddy alipobisha hodi.

"Dada Odilia, ni mimi. Nipe hiyo CD, teksi ina-wait chini."

"Haijaisha, Teddy. Hajaingia ndani."

"Ataingia siku nyingine. Lete!"

Nikairekodi kwenye CD hivyo hivyo, akaondoka nayo. Baada ya hapo sikuongea na mtu siku nane. Nilikuwa mpweke mpaka nikaanza kumsalimia mwanasesere.

Siku ya tisa Teddy akapiga simu.

"Mama ameiangalia mara tatu. Akauliza, mbona mtoto amesimama nje? Nikamwambia ndiyo mwisho, mama. Akanyanyuka, akaenda kufungua mlango."

"Halafu?"

"Halafu nini, dada? Baridi inaingia, wajukuu wanalalamika, yeye amekataa usifungwe."

Nilikuwa nimekaa sakafuni, nimeegemea mlango wangu wenye makomeo mawili. Nililia huku nimejiziba mdomo, maana ngazini kulikuwa na viatu vinapanda.