Pamba wa Kilo Hamsini na Mbili

Saa tatu na robo asubuhi, karani wa kaunta namba sita pale uwanja wa ndege aliomba begi la mbwa liwekwe kwenye mizani. Kitinda na mpagazi walilinyanyua, kila mmoja upande wake, mpagazi akaguna kidogo, wakalitua. Lilikuwa begi dogo la kitambaa cha bluu lenye kidirisha cha wavu ubavuni, na ndani yake alikuwamo Pamba, mbwa mweupe asiyezidi mto wa kiti. Namba za mizani zilihangaika, kisha zikatulia kwenye kilo hamsini na mbili.

Karani alizitazama, akatazama na cheti cha daktari wa mifugo alichokuwa amepewa. Cheti kilisema kilo tatu na nusu.

"Cheti cha lini hiki?"

"Cha miezi miwili iliyopita," Kitinda alisema.

"Na tangu hapo mbwa amekaa na marehemu?"

"Ndiyo. Siku tatu. Alikuwa mama yangu."

"Pole sana, dada." Karani alitoa kalamu. "Basi mizani haina kosa. Juzi tulikuwa na paka wa kilo themanini na moja. Yule alikaa na mzee mmoja mwenye mwili wake."

Mpagazi alisema paka huyo anamkumbuka vizuri, na mgongo pia unamkumbuka.

Kitinda aliitambua ile namba. Ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mama mara ya mwisho alipopimwa. Siku ya mazishi jeneza lilikuwa jepesi kama kabati lililokwisha kutolewa nguo. Kaka mkubwa alilishika mbele kwa mkono mmoja, mkono wa pili akiutumia kujipangusa jasho, na waombolezaji walinong'onezana kwamba maradhi yamemmaliza mama wa watu. Mama hakuwa amekonda hata kidogo. Uzito ulikwenda kwa aliyekuwapo, na aliyekuwapo alikuwa Pamba.

Hapa ni vizuri kueleza kazi ya Kitinda, maana yote yalitokana na ujuzi wake. Hupanga zamu za wauguzi katika hospitali kubwa: nani aingie asubuhi, nani jioni, nani apumzike. Tangu ashike kazi hiyo hakuna wodi iliyokosa muuguzi hata saa moja. Kwa hiyo baba alipofariki miaka miwili iliyopita, na mama akabaki peke yake na mbwa, ndugu zake walimgeukia. "Wewe ndiye fundi," kaka mkubwa alimwambia.

Wamezaliwa wanne. Kaka mkubwa ni mpima ardhi, dada ni mfamasia, kaka wa pili anauza matairi, na yeye ni kitindamimba, ambaye jina lake halisi hutumiwa na mwajiri tu. Wote wanaishi mji mmoja, saa moja na nusu kwa ndege kutoka kwa mama. Kitinda alichora jedwali. Kila mtoto alipewa wiki yake ya kumpigia mama simu asubuhi na jioni, kuuliza kama amekula, kama amemeza dawa za presha, na kumtafutia fundi bomba likivuja. Hospitalini mzunguko ni wa wiki nne, ukiisha unaanza mwingine hapo hapo, mwezi useme unachotaka. Lakini kaka mkubwa alitaka zamu yake ianze tarehe mosi ya kila mwezi, asije akachanganyikiwa, na kaka mkubwa akitaka jambo, kikao kimekwisha. Basi ikawa tarehe mosi hadi saba ni kaka mkubwa, nane hadi kumi na nne dada, kumi na tano hadi ishirini na moja kaka wa pili, na ishirini na mbili hadi ishirini na nane Kitinda. Karatasi ilipendeza. Kila mmoja aliibandika kwenye mlango wa friji yake.

Mama alifariki tarehe ishirini na tisa.

Siku hiyo hakuna aliyempigia. Tarehe thelathini hakuna aliyempigia, na thelathini na moja vivyo hivyo. Tarehe mosi, saa moja kamili asubuhi, kaka mkubwa alipiga, kwa kuwa ni mtu wa kutimiza zamu yake. Simu iliita mpaka ikakata. Akampigia jirani. Jirani alisukuma mlango akamkuta mama kitandani na Pamba amelala kifuani pake, na alipojaribu kumwondoa Pamba, hakuweza. Daktari aliyeitwa alisema haikuwa ghafla, ilimchukua mama karibu siku nzima. Katika familia sentensi hiyo ilisemwa mara moja tu.

Huyo jirani hushona sare za shule. Siku moja kabla ya safari, Kitinda alipokwenda kwake kumchukua mbwa, alimkuta jirani ana pini mdomoni, naye akazitoa moja moja kabla ya kuzungumza.

"Zile siku zenu mama yenu alikuwa anazijua, mwanangu."

"Siku zipi?"

"Za mwisho wa mwezi. Alikuwa anakuja kukaa hapa kwangu, anasema, 'Leo watoto wako likizo.' Februari ndio alikuwa anaupenda. Mwezi aliofariki, mimi nilikuwa nimekwenda kwa binti yangu, amejifungua. Nilirudi tarehe thelathini na moja jioni, nikaona pazia limefungwa, nikajua amelala."

"Mbona hakutuambia?"

"Alisema wa mwisho kahangaika sana na ile karatasi. Hakutaka kukuvunja moyo."

Kitinda aliona aibu. Ilimpanda usoni kama joto la jiko lililofunguliwa, kisha ikaondoka, na haikuacha kitu. Alijua kwamba alipaswa kulia, akasimama pale kati ya sketi za bluu na mashati meupe akisubiri kilio. Hakikuja. Alishukuru, kisha yeye na dereva wa teksi wakambeba Pamba, mmoja huku na mmoja huku.

"Akizidi kilo nane, mnyama hapandi na abiria," karani alisema sasa. "Anashuka chini kwenye mizigo. Ila huyu ana uzito wa mtu, anaweza kukaa kwenye kiti kama mtu. Kuna fomu yake."

Fomu ilikuwa na ukurasa mmoja. Iliuliza jina la mnyama, uzito wake, na uzito huo ni wa nani. Mstari wa mwisho uliandikwa: *Atakayeishi naye.*

"Hapo usiache wazi," karani alisema. "Hatuwezi kupeleka uzito wa mtu mahali ambapo hana mwenyeji. Ukiacha wazi atakwenda mizigoni, na akifika atawekwa ghalani. Kule ghalani wako wengi."

Kitinda aliandika kwenye kundi la familia: *Nani atakaa na Pamba? Ana uzito wa Mama.* Nyuma yake bwana mwenye masanduku matatu alihamia kaunta namba saba. Dada alijibu kwanza, kwamba wanawe wana pumu na wote wanalijua hilo. Kaka wa pili alituma dole gumba, bila kueleza ni la nini. Kaka mkubwa alipiga simu.

"Kilo ngapi?"

"Hamsini na mbili."

Kitinda alisikia kengele ya mlango wa ofisi ya kaka na mtu akiulizia ramani.

"Ndiye," kaka mkubwa alisema.

"Ndiye."

"Mimi nimeweka vigae vipya sebuleni, unajua. Lakini hatuwezi kumwacha, Kitinda. Si upange zamu?"

Kalamu ilikuwa tayari juu ya ule mstari. Kitinda alitaka kuandika jina lake, basi, jina moja na nukta. Herufi ya kwanza alikwisha kuiandika. Kisha akafikiria chumba chake cha ghorofa ya tatu, kwenye jengo lisilo na lifti, zamu za wauguzi mia mbili zinazomngoja mezani, na kilo hamsini na mbili kila siku kwenye ngazi. Sababu zote zilikuwa za kweli. Aliikata ile herufi, akaandika: *Watoto, kwa zamu.*

Karani alisoma. Alisema wengi huandika hivyo hivyo, akagonga muhuri.

Pamba alipewa kiti cha dirishani. Mhudumu alimfunga mkanda, akaukaza kwa adabu, na baadaye alipopita na kitoroli aliinama upande ule.

"Mama anakunywa nini?"

"Chai," Kitinda alisema.

Mhudumu alileta chai isiyo na sukari, ingawa hakuna aliyemwambia. Pamba aliiacha ipoe, akanywa nusu, na nusu akaibakiza. Mama naye hakuwahi kumaliza kikombe.

Mama hakuwahi pia kupanda ndege. Kila mtoto alipokuja kumtembelea, alimuuliza, "Huko juu mnaona nini?" na wote kwa nyakati tofauti walimjibu, "Mawingu tu, Mama." Kumpandisha kulipangwa kufanyike mwakani, na kulipangwa hivyo mara sita. Baada ya chai, Pamba aliegemeza paji la uso kwenye kioo, na hakuliondoa mpaka magurudumu yalipogusa lami. Kitinda aliinama naye aone kinachotazamwa. Mawingu yalikuwapo. Lakini palikuwa pia na mto uliojipinda mara tatu, mapaa ya mabati yanayometa, barabara yenye lori moja, na kivuli cha ndege yenyewe kikikimbia juu ya mashamba. Aliona kwamba lilikuwa jambo la kusimulia, lingeweza kujaza simu nzima ya jioni.

Ndugu zake watatu walikuwa wakingoja nje, kila mmoja ameomba ruhusa kazini. Kaka mkubwa na kaka wa pili walilishika begi, wakalinyanyua, wakatazamana. Mikono yao iliujua uzito ule kwa kuukosa, siku ya jeneza.

"Mama amefika," kaka wa pili alisema, kwa sauti anayotumia shehena ya matairi inapoingia.

Dada alipitisha vidole kwenye wavu, na Pamba akavilamba. Kaka mkubwa alifungua buti ya gari, akafikiri, akaifunga. Wakamweka kiti cha nyuma.

Nyumbani kwa kaka mkubwa walivua viatu kwa sababu ya vigae. Kitinda alikaa mezani na rula, akapiga mistari. Mosi hadi saba, nane hadi kumi na nne, kumi na tano hadi ishirini na moja, ishirini na mbili hadi ishirini na nane. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Alipofika chini ya karatasi aliiweka rula kando.

"Na siku za mwisho?"

"Zipi?" dada aliuliza.

"Ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja. Mama alikuwa anaziita likizo yetu. Alizijua tangu mwanzo."

Pamba alikuwa amekaa katikati ya sebule. Kigae kilichokuwa chini yake kilikuwa kimeanza kupata ufa mwembamba, na wote waliuona. Kaka mkubwa, ambaye katika shamba la ekari kumi hugundua kosa la shubiri moja, aliisogeza ile karatasi karibu na macho, akakaa nayo muda mrefu.

"Hizo tutaziangalia," alisema.

"Ndiyo, hizo tutaziangalia," dada alisema.

Kaka wa pili aliinua dole gumba. Karatasi ikatolewa nakala nne.

Mwezi ulikwenda vizuri. Kaka mkubwa alimtandikia Pamba mkeka, kwa usalama wa vigae vilivyobaki. Dada alimtengea stoo yenye dirisha, mbali na vifua vya watoto, akawa anampelekea chakula kwa saa, kama dozi. Kaka wa pili alimweka dukani juu ya tairi la trekta, na wateja wakongwe wakamsalimu shikamoo bila kuambiwa. Kila mmoja alipomaliza alimpigia Kitinda kumjulisha kwamba zamu yake imekamilika.

Tarehe ishirini na mbili ikawa zamu yake. Pamba alipanda ngazi mwenyewe, polepole, akipumzika kila kituo na kutazama chini, kama mama alivyokuwa akifanya kwenye ngazi za kliniki. Jioni aliulaza uzito wake juu ya miguu ya Kitinda, na Kitinda alimsimulia mto, mabati, lori na kivuli. Alisimulia kwa siku saba, asubuhi na jioni, kwa nyakati zilezile za jedwali. Kilio alikingoja pia, kila jioni kidogo. Miguu ilikufa ganzi, na zaidi ya hapo hakuhisi kitu.

Tarehe ishirini na tisa, alipoamka, alikuta bakuli limesukumwa hadi ukutani. Pamba alikuwa ameingia mwenyewe kwenye begi la bluu na kujikunja, mgongo ameuelekeza kwenye wavu. Kitinda alimwita. Hakuinua kichwa. Kitinda alijaribu kulivuta begi karibu na kitanda, lakini kwa mtu mmoja halikwenda.

Mwezi ule ulikuwa na siku thelathini na moja. Kitinda alijaza maji kwenye bakuli, akalisogeza karibu na begi, akafunga mlango, akaenda hospitali kupanga zamu.